Mize Kombo Wanne

Mkutano ulianza saa nne, Chake, ukumbi wa juu,
feni moja inazunguka, nyengine inatazama.
Katibu akasoma: Mpango wa Kumbukumbu za Wagonjwa kwa Kompyuta,
hospitali nne, awamu tatu, kurasa sitini na mbili.
Mimi nimekaa karibu na mlango.
Watu wa masjala hukaa karibu na mlango.

Tuanze wapi? akauliza Daktari Shaame.
Wete, akasema mmoja, kule umeme hautetereki sana.
Mkoani, akasema mwengine, jengo lao lingali linanukia rangi.
Micheweni hakuna aliyeitaja
mpaka muuguzi wao, Bi Tatu Asaa, akakohoa:
"Na sisi tupo. Waya haujafika, lakini tupo."

Zikaja hesabu. Kompyuta arobaini, betri, jenereta,
nyaya zipitishwe juu, kwa sababu panya wa Wete —
wakacheka.
Panya wa Wete hawachekeshi.
Mwaka juzi walikula wodi ya wazazi, herufi M mpaka S.

"Masjala, mna la kusema?"
Nikasimama na mafaili yangu manne.

Huyu ni Mize Kombo Faki, wa Chake, kazaliwa sitini na nane.
Huyu Mize Kombo, wa Wete; umri: "mtu mzima".
Huyu Miza Komba, wa Mkoani, mwandiko wa mwanafunzi wa mazoezi.
Na huyu Bimkubwa Kombo, wa Micheweni,
maana kule kwa mwanawe mkubwa ndivyo aitwavyo.

Kwa karatasi wanne. Kwa miguu ni mmoja,
mwenye watoto wanne walioolewa miji minne,
akenda kutembea kwa huyu na kwa yule,
homa humkuta hapohapo alipo.

Faili la Wete lina wino mwekundu:
asichomwe penisilini.
Mkoani alichomwa.

Feni ikaendelea.

Hakufa, wala msiandike kuwa alikufa.
Bintiye alipiga ukelele, daktari alikuwa mlangoni, basi.
Lakini tangu siku ile Mize ana karatasi yake,
kaikunja mara nne, kaitia katika mfuko wa chumvi,
kaifunga kwenye pindo la kanga.
Umeme ukikatika inasomeka.
Ikilowa anaianika.

Yule kijana wa kutoka Unguja, Nassor, fundi wa mfumo,
akafunika kompyuta yake taratibu, kama anayefunika chungu.
"Basi tutumie nambari ya kitambulisho."
Na asiyekuwa nacho?
Na mtoto wa saa mbili,
ambaye jina lake ni mpaka siku ya saba?
Mie humwandika Mtoto wa Time,
na leo wodini wako Time watatu.

Hapo pakawa na kelele ya watu wazima.
Mhasibu akataka kujua kuhesabu watu kuna fungu gani.
Daktari Shaame akachora mstari kwenye ukurasa wa kwanza,
akaufuta, akauchora tena.
Adhuhuri ikaadhiniwa, hatujakubaliana pa kuanzia.
Tulichokubaliana ni miezi sita ya kupekua,
faili kwa faili, hospitali zote, kabla ya kununua hata kipanya.
Nimeahidiwa wasaidizi wawili.
Kaja mmoja.

Langu mwenyewe sikulisema.
Miaka ishirini na miwili nawajua watu kwa vumbi la mafaili yao,
najua nani kaka ya nani, nani kabadili jina alipoachwa.
Siku mashine itakapoyajua hayo,
mimi nitajua nini?

Nikashuka. Dirishani foleni imefika kwenye ngazi.
Wa mbele ni msichana, kashika tumbo.
Jina?
Akanitajia.
Nikaandika, kisha nikamuuliza
lile ambalo fomu yao bado haina mahali pake:
na kwenu, mwanangu, wanakwitaje?