Ufunguo wa Droo

Mkasi wangu ni wa chuma. Rangi ya mpini imelika
ikafuata umbo la kidole gumba changu,
na kwa miaka kumi na saba, hapa nyuma ya soko la Mbuyuni,
hakuna mkono mwingine ulioingia humo.
Jioni niliufungia kwenye droo.
Ufunguo niliufunga kwenye pindo la khanga,
nikalala nao.

Hiyo niliiita bidii.
Mafundi wanne, cherehani nne,
na kila jora la tetroni lilipita kwangu kwanza:
kola mimi, lisani mimi, chaki mimi,
bei mimi, kumfuata mwenye deni mimi,
hata taa ikiungua, "Mama Aikande, taa."
Nilijibu kwa kunung'unika, moyoni nikifurahi
kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kanisani.

Januari ile shangazi akafariki, Mashati, kule Rombo.
Niliondoka usiku na khanga ileile.
Siku tatu: kaburi, kikao cha ukoo, hesabu za msiba,
nani kaleta mchele, nani kaahidi tu.
Simu iliita nikiwa migombani, mtandao ukaja, ukakatika.
"Mama, droo..."
kisha upepo.

Niliporudi Jumatatu mlima ulikuwa wazi mpaka kiunoni,
mweupe, hauna habari na mtu.
Ndani, cherehani zimefunikwa.
Nakijwa anamsuka Elirehema.
Fundi Mbazi kalala juu ya majora, viatu kavua kwa adabu.
Sare mia na ishirini za shule ya kule Pasua hazijaguswa,
na shule zimefunguliwa asubuhi hiyohiyo.

Nikavuta pumzi nifoke.
Nakijwa akasema bila kunitazama, chanuo mdomoni:
"Tungekatia nini, Mama? Meno?"
Wakacheka.
Halafu wakaacha kucheka.

Usiku nilifungua daftari.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
mama yangu aliniachia hilo, nami sijawahi kuruka siku:
vifungo, nyuzi, zipu, luku.
Nikatafuta ukurasa wa yale anayoyajua Nakijwa.
Haukuwepo.
Miaka sita naandika alichoshona,
sijaandika hata mara moja anachoweza.

Mwalimu mkuu alishawapa watu wa Majengo nusu ya oda.
Nilikwenda kwake mwenyewe, kwa miguu, sikutuma mtu,
nikasema, "Kosa ni langu, si la mafundi."
Maneno sita. Nilikuwa nayapanga
tangu mnara wa saa mpaka getini kwake.

Jumanne nikafungua pindo.
Ufunguo ulikuwa na joto la mwili wangu.
Nakijwa aliupokea kama mtu aliyeshikishwa
kichanga cha mwenzake,
akauliza, "Nikikosea?"
Nilikuwa na jibu zuri, la semina. Nikalimeza.
Nikasema, "Kitambaa kitapungua."

Kola ya kwanza ilikwenda upande.
Niliiona tangu mlangoni. Mkono ukaniwasha,
kidole gumba kikatafuta nyumba yake.
Nikatoka. Nikavuka barabara hadi kwa Mama Ndeshi,
nikaagiza chai, nikaiacha ipoe,
nikahesabu sauti za cherehani toka ng'ambo:
moja, mbili,
ya tatu inalia, inataka mafuta,
na mafuta najua yalipo mimi tu,
nyuma ya kopo la vifungo vyeusi,
na sikuinuka.

Kilio kikakatika.
Kuna mtu aliyeyapata.
Mpaka leo sijauliza ni nani.