Kinyozi Ajifunza Kulehemu

Januari, Matsumoto. Theluji imelala juu ya tandiko la baiskeli yangu,
nami nimepiga magoti sebuleni kwa Bi Hatsue Momose,
kando ya jiko lake la mafuta ya taa,
na gitaa jekundu limefunuliwa tumbo
juu ya gazeti la juzi.

Ugonjwa wake ni huu: ukizungusha kidhibiti cha sauti
linakwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe,
na hata ukiliacha lipumzike linanguruma,
mngurumo mmoja, wa chini, usiokoma,
kama jokofu la jirani usiku.

Mimi ni kinyozi. Mkono huu umepita na wembe
kwenye makoo ya watu miaka ishirini na miwili
bila kutetemeka.
Upe chuma chenye joto la nyuzi mia tatu na hamsini
uone.

"Usiyeyushe risasi kwa chuma," anasema.
"Pasha mahali kwanza, risasi itakuja yenyewe."
Natikisa kichwa kukubali.
Halafu nayeyusha risasi kwa chuma.
Tone linaanguka, linaganda, kijivu, butu,
jicho la samaki aliyelala sokoni.
Analigonga kwa ukucha. Linabanduka.
"Hili lilikaa tu. Halikushika."

Tena.
Moshi unapanda na harufu ya utomvu wa msonobari.
Kidole gumba kinaelewa kabla yangu.
Tena. Ganda la waya linajikunyata, linanuka.
Tena. Waya wa moto huku, wa ardhini kule,
kapasita ya rangi ya chungwa, bapa kama mbegu ya boga,
miguu yake ikakatwa sawasawa
(kwenye kukata, nilisifiwa).

Kazi hii aliifanya kiwandani miaka kumi na tisa,
seti sitini kwa siku,
zikielekea nchi alizozisoma ubavuni mwa makasha.
Hakuinua macho aliponiambia.
Alikuwa anafuta ncha ya chuma kwenye sifongo mbichi,
nayo ikilia *shii*, kama inayemnyamazisha mtu.

Saa nne usiku viungo vyangu viling'aa vyote.
Kumi na kimoja. Nilivihesabu mara mbili.
Ndipo nikaona waya wa sumaku ya mbele
umelala juu ya kifua cha gitaa, nje, peupe:
sikuupitisha kwenye tundu la ndani kabla ya kuulehemu.
Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata.

Bi Hatsue alicheka hadi akaishika meza.
Miezi mitatu namjua, sikuwa nimeyaona meno yake.
"Mwaka wangu wa kwanza," akasema, "gitaa thelathini,
mfululizo, kabla ya chakula cha mchana."
Msimamizi alisema nini, hakueleza.

Tukafumua. Tukapitisha. Tukaunga upya.
Safari hii risasi ilikimbia yenyewe hadi ukingoni
ikatulia kama maji yaliyopata kwao.

Nilichomeka amplifaya. Nikasubiri jokofu la jirani.
Hakuna.
Nikapiga uzi mmoja, ule mnene.
Bi Hatsue akarudi nyuma hatua moja.
"Sijawahi kusikia hata moja," akasema.
"Chumba cha majaribio kilikuwa jengo la pili,
na milango yao ilikuwa mizito."

Hakutaka kulishika. Alitaka kidhibiti tu.
Akakizungusha polepole kati ya vidole viwili,
kutoka kumi kushuka hadi sifuri,
sauti ikaondoka bila mkwaruzo wowote,
naye akainamia ule ukimya, sikio mbele,
muda mrefu kuliko alivyousikiliza uzi.

"Hiyo hapo," akasema, "ndiyo niliyokuwa natengeneza."

Asubuhi mteja wa kwanza alikiona kidole changu
kimefungwa kitambaa, akauliza kama niko salama,
akashika koo lake kidogo,
akakaa.