Kibao cha Miguu, Ghorofa ya Tatu

Nikipandisha kiti, viwiko vinaifikia meza
na miguu inabaki hewani kama nguo kambani.
Nikikishusha, visigino vinapata sakafu,
mabega yanapanda kuyasalimu masikio.
Meza haishuki. Ilinunuliwa kwa ajili ya watu warefu,
na hapa Łódź, idara ya madeni ya maji,
mfupi ni mimi peke yangu.

Miaka sita nilikanyaga kitabu cha simu,
toleo la mwisho kabla hawajaacha kuchapa,
nimekifunga kwa utepe wa kahawia.
Nusu ya mji chini ya soli zangu, A hadi K,
na bado ukingo wa kiti ulinikata mapaja,
ganzi ikashuka taratibu hadi vidoleni,
hata saa kumi ikifika
nasimama kwanza, kutembea baadaye.

Nikajaza fomu. Urefu wa mwombaji. Sababu ya ombi.
Niliandika: miguu.
Zbigniew wa stoo akacheka, akasahau,
akakumbuka Februari.

Mama alisimama miaka thelathini mbele ya mitambo ya kufuma,
mishipa imemtuna nyuma ya magoti.
Jioni beseni, maji ya chumvi, redio.
Hakuwahi kuniambia kwamba kukaa nako kunauma.
Angejulia wapi?

Kilikuja ndani ya boksi: plastiki nyeusi, vijinundu vya mpira,
kinalala, kinainuka, kinayumba kidogo ukikisukuma.
Nikavua viatu.
Mgongo ukarudi kwenye egemeo
kama mtu aliyekumbuka njia ya kwao.
Simu ililia. Nikaiacha ilie mara tatu,
huyo mdaiwa naye apumzike.

Wiki ya pili nikakikuta kimebadilishwa pembe,
kimeinuka mbele kuliko ninavyopenda,
na juu yake duara la maji yaliyokauka,
dogo, la ukubwa wa kisigino.

Usiku, taa zikibaki mbili tu ukumbini,
Odarka hupita na ndoo na ufagio wa maji,
ghorofa nne, ngazi zote, mguu kwa mguu.
Tumewahi kuonana mara moja, mlangoni,
theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake.
Aliniambia samahani. Sikujua ya nini.

Sijauliza kitu.
Asubuhi nakirudisha kwangu, jioni nakirudisha kwake,
na kiti nakivuta nyuma kidogo,
kama nimeinuka tu kumpisha mtu.