Mapigo Manne

Mokowe, shimo la tatu, kina mita sita.
Kahindi avuta kamba, nyundo yapanda, aiachia.
Mimi kazi yangu kuhesabu.
Sentimita kumi na tano za mwanzo hazihesabiwi:
udongo umeshtuka, bado hausemi kweli.
Kisha mbili. Kisha mbili tena.
Nne, nikaandika, penseli ikiteleza kwa jasho.

Kahindi akakwangua tope ndani ya bomba, akalinusa.
"Hapa palikuwa na mikoko, injinia."
Fomu haikuwa na mahali pa pua ya mtu.
Sikuandika.

Usiku, Langoni, umeme ukikatika na kurudi,
nikainakili ile nne katika jedwali la kompyuta
na moja ikajipenyeza mbele yake.
Kumi na nne. Udongo wa kutosha kubeba zahanati.
Juu yake zikapangwa hesabu, juu ya hesabu saini,
juu ya saini muhuri,
juu ya muhuri matofali.

Mvua ya pili haijakwisha
Nesi Mwanakombo akanionyesha ufa
kutoka dirishani hadi sakafuni.
Alikuwa akiupima kwa penseli, tarehe kwa tarehe,
kama apimavyo urefu wa watoto wa kliniki.
"Huyu naye anakua," akasema.
Hakucheka.

Siku mbili nikafukua mafaili.
Nilipoiona ile moja
nilikaa nayo kitambo, imesimama wima kama msumari.
Ningeweza kunyamaza; udongo hubebeshwa lawama nyingi.
Nikasema.
Msingi tukauchimbia upya, tukaujaza zege,
na mkataba wangu haukurudi.

Ndipo nikajifunza kuandika programu,
nyuma ya duka la shemeji, kati ya katoni za sabuni.
Ya kwanza ilijua jambo moja tu:
namba ikiwaruka jirani zake, iulize, Una hakika?
Mama hakuelewa. Buti zangu alizianika darini,
akawa azipaka mafuta kila mwezi.
"Umesomea kujenga, waketi kutwa kama karani.
Ardhi iko nje."

Leo watu nisiowajua, wa Kisumu, wa Mtwara,
humimina mashimo yao ndani ya kioo changu.
Kuna kisanduku kimoja wanachokilalamikia,
hakikubali kuachwa wazi:
Aliyeushika udongo amesema nini?
Wengi huandika "hakuna". Wengine nukta.

Juzi, ripoti kutoka Faza.
Mapigo thelathini, kijani kitupu toka juu hadi chini.
Na kwenye kisanduku, bila herufi kubwa:
"mvuta kamba asema nyundo ililia kama inabisha hodi
nyumba isiyo na mtu"

Nikaisoma mara tatu.
Programu yangu ilikuwa imeridhika.
Nikapanda darini kufuata buti.