Diski ya Pili

Zilikuja mbili katika jalada moja:
ya kwanza ina mtu anayepayuka,
ya pili ina nyimbo zile zile, mtu kaondolewa.
Aliyeniachia ni mgeni wa nyumba ya Mkomani
tuliyokuwa tukiikarabati. Siku ya kufunga masanduku
akasema, chukua, fundi, hii ya ziada ndiyo tamu.
Nikacheka kwa adabu.
Ya ziada! Nani hupewa wali mtupu
akaambiwa mchuzi umetolewa kwa heshima yake?

Mwaka mzima nilicheza ya kwanza.
Redio juu ya kiunzi, imevaa vumbi la chokaa,
roki ikinguruma hata punda wa kubeba mchanga
wakisita kichochoroni,
na Lali, mwanagenzi wangu, akiitikia Kiingereza
kisichosemwa popote duniani.
Ya pili nilimpa Mwana Siti.
Akasema, vizuri, ina tundu tayari.
Akaifunga uzi, akaitundika darini kwake
juu ya sinia za achari,
ikawa yazunguka, yamulika, kunguru wakaipa nafasi.
Miezi saba juani.

Kisha ukuta wa chumba chake ukafura kwa chumvi.
Tulibandua lipu yote, kuanzia juu hadi sakafuni,
yakabaki matumbawe uchi, na katikati yake
alama ya dole gumba kwenye udongo:
fundi fulani, zamani, alisukuma jiwe likae,
akalifunika, akaenda zake kula.
Nilikaa mbele ya lile dole asubuhi nzima.
Lali akauliza kama naumwa.

Nilipopanda darini kuchota maji nikaiona inang'aa.
Nikaikata uzi.
Nikaiosha kwa sabuni ya kipande, nikaipangusa kwa kikoi.

Wimbo wa tatu nilidhani naujua
kama njia ya kurudi kwetu Langoni.
Kumbe kabla haujaanza kuna vijiti vinagongwa, mara nne,
na mtu anakohoa, kikohozi kidogo cha sigara.
Kumbe ule mtikisiko niliodhani ni redio yangu mbovu
ni gitaa la besi. Lina mtu. Mtu ana vidole.
Anapanda ngazi taratibu, akifika juu
habishi hodi, anashuka.
Na pale mwimbaji alipokuwa akipasua koo kuliko pote,
nyuma yake gitaa jingine lilikuwa likifanya
jambo dogo sana: noti tatu, noti tatu,
kama mwanamke anayehesabu chenji gizani.

"Hapana mtu humu," akasema Lali.
"Wamejaa," nikamwambia. "Zima hiyo drili."

Pahali pa sauti pamebaki wazi,
kidaka kilichoondolewa bakuli lake,
na sasa chumba kizima kinakitazama.

Sisemi kwamba hii ni bora.
Wimbo wa sita, bila maneno, unachosha,
unazunguka kama ngamia wa kinu.
Na zipo siku nilimtamani yule mpayukaji
kama unavyomtamani jirani mgomvi akisafiri.
Lakini nikirudi kwake, sasa namsikia
amesimama juu ya mabega ya watu,
na watu wale nawajua.

Jana Mwana Siti kaniita kutoka ngazini:
"Fundi! Kunguru wamerudi yuu. Achari yangu yaliwa.
Kiyoo changu ki wapi?"
Nikasimama, diski mbili mkononi,
mtu mzima, mwenye madeni na wajukuu,
nikizipima kama mwenye kupima samaki.

Nikampa mwimbaji.
Maneno yake ninayo kichwani,
hata yale ya Lali yasiyo maneno.

Sasa yuko darini, kwenye uzi,
anageuka geuka juu ya maembe na pilipili,
kinywa wazi kwa jua, kimya,
na kunguru wanamwogopa.
Huku chini Lali anakoroga chokaa.
Kabla hajaanza kupaka
anagonga mwiko kwenye ukingo wa ndoo,
mara nne.