Mizani ya Budadiri

Saa moja asubuhi nafungua kibanda,
nafuta umande usoni mwa mizani,
naning'iniza jiwe la kilo kumi, naitazama sindano
ikisimama pale inapopaswa kusimama.
Hiyo ndiyo sala yangu.

Kisha wanakuja na magunia.

Wa kwanza anauliza, "Karani yuko wapi?"
Namwambia, "Umemfikia."
Anachungulia nyuma yangu, gizani mwa ghala,
kana kwamba nimeficha mwanamume kati ya kahawa.

Mzee Wandeba hupokea risiti kwa mikono miwili:
mmoja wa karatasi, mmoja wa kidole changu.
Hukibonyeza kama apimaye ndizi sokoni
huku akiniuliza hali ya mama.
Nami hujibu, hajambo, mama hajambo. Niachie.
Neno la mwisho hulisema kimoyomoyo.

Vijana wa lori wana hesabu zao:
"Nambozo, wewe mwenyewe kilo ngapi?
Panda tukupime!"
Wanacheka. Meneja naye anacheka, kwa adabu,
kama mtu apigaye chafya kanisani.
"Utani tu huo. Kwani wewe huna meno?"

Meno ninayo. Yanahesabu:
themanini na mbili na nusu, toa gunia, toa unyevu.

Jioni narudi kwa njia ya mtoni, ile ndefu,
maana ya mkato ina kijiwe cha bodaboda.
Dakika ishirini na tano, kila siku.
Zidisha kwa miaka minne.
Juzi nilizidisha, nyuma ya daftari la ushirika,
nikaweka kalamu chini kabla ya jibu.

Leo Khainza alikuwa dirishani,
msichana mpya, wiki yake ya pili,
bado anaandika saba kama moja.
Wandeba akanyoosha mikono yake miwili.
Khainza akasema, kwa sauti ya kuitia mbuzi ng'ambo ya bonde:
"Mzee, hicho ni kidole. Risiti ni hiyo nyingine."

Foleni ikanyamaza.
Mwishoni kabisa, mama mmoja mwenye nusu gunia
akacheka hadi akakalia mzigo wake.

Mimi sikucheka.
Mdomoni mwangu lilikuwa tayari, limeiva,
neno nililopewa na shangazi siku naanza kazi:
Nyamaza, binti. Utazoea.
Nikalishika kwa ulimi. Nikalimeza.
Sijui lilikuwa na kilo ngapi; koo bado linauma.

Nikagonga meza.
"Anayefuata."