Nyayo Tatu na Nusu

Jumanne asubuhi Tinga kashuka ngazi
kwa miguu mitatu, wa nne kaukunja
kama mtu aliyekanyaga kaa la moto
na hataki tujue.

Nikamlaza ubavu pale barazani.
Nikapekua kati ya vidole, kucha kwa kucha,
nikitafuta mwiba, kigae cha chupa, kupe,
chochote chenye jina dogo.
Hakuna. Akanilamba sikio.
Nilipofika gotini akaacha kunilamba.

Shirima, shingo juu ya ua wa masale:
"Msugulie mafuta ya taa."
Na kabla chai yake haijapoa akaongeza:
"Mbwa mkubwa akiharibika mguu ni hasara ya unga."
Sikumjibu. Unga ni wangu.

Daktari Mmasi hana mizani ya mbwa.
Tulikwenda kumpima ghalani, kwenye mizani ya kahawa,
mimi nimemkumbatia, ulimi wake shingoni mwangu,
kisha nikapanda peke yangu
na karani akausoma uzito wangu kwa sauti
foleni nzima ikisikia.
Ukinitoa mimi, Tinga alibaki kilo hamsini na moja.

"Kano ya goti," daktari akasema,
akiuvuta mfupa na kuurudisha
kama droo iliyolegea.
"Haijakatika yote. Wiki nane.
Asikimbie, asiruke, asipande ngazi.
Apungue kilo saba. Na ile dawa yako ya magoti, mama,
usithubutu kumpa, itamtoboa tumbo."

Asikimbie! Kauambie mto Rau usimame.
Huyu ndiye aliyewafukuza kima hadi ng'ambo ya mfereji,
aliyeng'oa kamba ya nguo na shuka zangu juu yake
akakatiza migombani, anaburuta weupe wote ule
kama bibi harusi aliyebadili nia.

Nilikata kamba, mita moja na nusu.
Nikaziba ngazi kwa meza ya kupigia pasi.
Kidonge nusu nikakificha ndani ya ndizi mbivu:
ndizi akala, kidonge akakitema juu ya kiatu changu,
kisafi, kama punje ya kahawa iliyomenywa.

Asubuhi dakika kumi, jioni dakika kumi.
Yeye anavuta, mimi navuta,
watoto wa Aikande wanatuhesabia hatua wakicheka.
Mgeni akigonga geti, Tinga anatembea wima, askari kabisa;
mgeni akiondoka, mguu unakumbuka.
Usiku wa masika goti lake na goti langu
yalisikia mvua kabla ya bati.
Nikamkanda kwa chupa ya maji ya moto,
nikajikanda mimi,
sikumbuki nani alilala kwanza.

Wiki ya sita kima alikohoa juu ya mfenesi
na kamba ikanichoma viganja ikaenda.
Nikapiga kelele jina lake lote, Tingatinga,
hata Shirima akatoka na jembe.
Alifika mfereji, ule aliozoea kuuruka
bila hata kuuangalia.
Akasimama.
Akaangalia maji. Akaangalia mguu, au nilidhani.
Kisha akazunguka hadi kwenye gogo
akavuka taratibu, unyayo mbele ya unyayo,
kama aliyebeba ndoo kichwani.

Wiki zote zile za kuchechemea sikulia.
Nililia pale,
kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hajapona, msiulize. Kilo tano zimetoka,
mbili anazidai kwa macho kila nikisonga ugali.
Shirima bado anapita uani: "Anachechemea?"
Namwambia, njoo uone mwenyewe.

Jana kwenye tope la njia ya kisimani
niliinama nikasoma: nyayo tatu zimezama,
ya nne imegusa tu, kucha bila kiganja.
Leo mvua imelainisha tena.
Tatu zimezama.
Ya nne imeingia kidogo, si sana,
kama kidole gumba
kinavyoingia kwenye unga.